Uvimbe wa taya haurudi, hubaki

Weka picha mbili za eksirei za taya lilelile kwenye kioo cha mwanga. Ya kwanza ilipigwa mwaka mmoja baada ya upasuaji: palipokuwa na shimo mfupa umeanza kujijaza, kingo zimetulia, daktari anatabasamu. Ya pili ni ya miaka saba baadaye. Nyuma ya gego la mwisho, karibu na kona ya taya, kuna kidoa cheusi kisichozidi punje ya mahindi, na ubavuni mwake vingine viwili vidogo vimeanza kubanana kama vyumba vya sega la nyuki. Kwenye faili litaandikwa neno moja: umerudi.

Neno hilo hunikera. Anayerudi ni yule aliyekwenda. Uvimbe mwingi wa taya haukwenda popote. Ulibaki palepale, seli chache ndani ya vitundu vya mfupa, ukajinyamazia mpaka ukapata wasaa. Na tangu sayansi ya vinasaba iingie kwenye habari hii, tumeongezewa maelezo mengine yanayosikika ya kitaalamu sana: uvimbe umerudi kwa sababu una mabadiliko ya jeni fulani. Sentensi hiyo inafunga kamba moja mambo mawili yasiyofanana, yaani uvimbe kuzaliwa na uvimbe kubaki. Jeni zinaeleza vizuri sana namna ulivyozaliwa. Kuhusu kubaki kwake, ushahidi nilioufuatilia unaelekeza kidole kwenye umbo la mfupa na kile ambacho mkono wa mpasuaji haukufika.

Tuanze na ameloblastoma, maana ndiyo inayobishaniwa kuliko zote. Si saratani, lakini si mpole: hula mfupa taratibu, husogeza meno, hutanua uso, na kwa kawaida hauumi, hivyo mtu hufika hospitali shavu likiwa limeshajaa. Takriban nne kwa tano ya uvimbe huu huota taya la chini, hasa upande wa magego na sehemu inayopanda kuelekea sikioni. Asili yake ni mabaki ya kiwanda cha meno. Jino linapoumbwa, tabaka la seli za kinywa cha kijusi huzama ndani ya taya, hupeana ishara za kikemikali na tishu iliyo chini yake, hutengeneza enameli, kisha kiwanda hufungwa. Hufungwa, lakini hakibomolewi chote. Vikundi vidogo vya seli husalia ndani ya fizi na mfupa maisha yote, na kwa watu karibu wote havina neno.

Mwaka 2014 watafiti wa Ufini walichunguza sampuli 24 za ameloblastoma, wakakuta 15 zina badiliko lilelile kwenye jeni iitwayo BRAF. Mwaka huohuo watafiti wa Marekani walikuta jambo hilohilo, na timu mojawapo ikaongeza jeni ya pili, SMO. Badiliko la BRAF ni dogo kiasi cha kushangaza. Herufi moja tu ya DNA, T, imekuwa A; kwa sababu hiyo, kwenye nafasi ya 600 ya protini, asidi amino ya valini imempisha glutamati. Ndiyo maana huitwa V600E. BRAF ya kawaida ni tarishi. Hukaa kimya mpaka apewe neno kutoka mlangoni mwa seli, hulipeleka kwa MEK, MEK naye humpa ERK, seli hugawanyika, tarishi anarudi kukaa. Tarishi wa V600E hakai. Anapeleka barua ambazo hakuna aliyeziandika.

SMO yupo kwenye njia nyingine ya ishara, ile iitwayo Hedgehog, ambayo kijusi huitumia kuumba viungo vingi, meno yakiwemo. Huko kazi ya protini ya PTCH1 ni kumkalia SMO asifurukute, na ishara ikija PTCH1 huinuka. SMO aliyebadilika hufurukuta hata akiwa amekaliwa. Kwa hiyo njia zote mbili ni zile zilezile za kutengeneza jino, zimewashwa upya kwenye kiwanda kilichotakiwa kuwa kimefungwa. Hadi hapo sina ubishi na mtu: hii ni moja ya hadithi safi kabisa za namna uvimbe unavyoanza.

Ubishi unaanza pale mgawanyo wa jeni hizi ulipogeuzwa kuwa utabiri. BRAF V600E hupatikana zaidi taya la chini, SMO zaidi taya la juu. Mojawapo ya tafiti za 2014 ikaonyesha kwamba uvimbe usio na V600E ulionekana tena mapema kuliko ule ulio nayo. Wengi walisoma mstari huo wakafunga kitabu: basi, kuna jeni njema na jeni mbaya, pima ujue nani atarudi mezani.

Lakini itazame ramani ya uso. Mfupa wa taya la juu ni mwembamba, umejaa uwazi, umepakana na sainasi, yaani mapango ya hewa ndani ya uso. Juu yake kuna jicho, nyuma yake msingi wa fuvu. Mpasuaji anayeshughulikia taya la chini anaweza kukata sentimita nzima zaidi ya mpaka wa uvimbe, na atakachopoteza mgonjwa ni mfupa unaoweza kujengwa upya. Taya la juu, sentimita hiyohiyo mara nyingine ndiyo sakafu ya jicho. Hakati. Uvimbe wa hapo ukionekana tena baada ya miaka mitatu, lawama iende kwa SMO au kwa jicho lililoogopewa? Data haziwezi kujibu, kwa sababu jeni na mahali vimekuja vikiwa vimeshikana mikono.

Ili kuvitenganisha ungehitaji kulinganisha uvimbe wa taya la juu wenye badiliko na usio nalo, uliofanyiwa upasuaji wa aina moja, na wagonjwa wafuatiliwe zaidi ya miaka kumi, kwa kuwa ameloblastoma huweza kuchomoza hata baada ya muda huo. Ugonjwa wenyewe ni adimu. Sampuli za tafiti nyingi ni makumi tu. Ukizigawa kwa taya, kisha kwa jeni, kisha kwa aina ya upasuaji, unabaki na watu watatu kwenye kisanduku na mahesabu marefu juu yao. Sishangai kwamba tafiti zilizofuata zimepishana, nyingine zikiona tofauti ya V600E kwenye kurudi, nyingine zisione kitu.

Sasa linganisha na kitu kisichohitaji maabara. Ameloblastoma ya vyumba vingi ikikwanguliwa, yaani uvimbe ukachokolewa na mfupa ukaachwa, hujitokeza tena kwa takriban wagonjwa 4 kati ya 10. Tafiti za zamani zina idadi kubwa zaidi ya hiyo. Ikikatwa pamoja na ukingo wa mfupa mzima, ni chini ya 1 kati ya 10. Sijaona badiliko la jeni lililoonyesha pengo pana namna hiyo.

Sababu inaonekana kwa darubini. Mfupa wa ndani wa taya una vitundu kama sponji. Seli za ameloblastoma hujipenyeza kwenye vitundu hivyo bila kuvunja kuta zake, na hapo eksirei hudanganyika, maana eksirei huona mfupa uliopotea, haioni seli iliyojibanza ndani ya mfupa ambao bado upo. Vipande vilivyopimwa baada ya taya kukatwa vimeonyesha seli milimita 2 hadi 8 nje ya mpaka unaoonekana kwenye picha. Ndiyo asili ya ile kanuni ya kukata sentimita 1 hadi 2 zaidi. Kijiko cha kukwangulia hupita juu ya vitundu hivyo kama ufagio upitavyo juu ya mkeka uliojaa mchanga: juu panang'aa, mchanga uko kwenye ususi. Kama uvimbe ulikuwa na V600E, seli zilizosalia humo zote zinayo kama ndugu zao zilizotolewa, na ndiyo inayozipa nguvu ya kuanza upya. Lakini haikuwa V600E iliyoziacha mle.

Kwa anayetaka mfano mkali zaidi, kuna uvimbe wa adenomatoidi wa meno. Hupenda vijana, wasichana zaidi ya wavulana, karibu na jino la chonge la taya la juu. Takriban 7 kati ya 10 ya uvimbe huu una badiliko la jeni ya KRAS, jeni ileile ambayo jina lake likitajwa kwenye saratani ya kongosho watu huinamisha vichwa. Kwa mantiki ya jeni mbaya, uvimbe huu ungekuwa janga. Ukweli ni kwamba daktari huukamua kutoka kwenye mfupa kama kokwa inavyotoka kwenye embe lililoiva, na karibu kamwe hauonekani tena. Tofauti ni kifuko. Umevikwa kifuko kinene, haupenyezi vidole kwenye mfupa, kwa hiyo ukitoka umetoka.

Upande wa pili yupo miksoma ya taya, uvimbe laini wenye utelezi kama kamasi. Watafiti wamepekua ndani yake jeni maarufu za saratani bila kukuta badiliko linalojirudia kwa wagonjwa. Hauna kifuko. Ukikwanguliwa, unajitokeza tena mara nyingi tu, kwa sababu huwezi kuokota uji wote kwa kijiko.

Na mfano ninaoupenda kuliko yote ni kerubismu, ugonjwa wa watoto uliopewa jina la makerubi wa kwenye michoro, mashavu yamejaa na macho yanatazama juu. Chanzo chake, jeni ya SH3BP2, kilijulikana mwaka 2001. Mtoto huzaliwa nalo badiliko hilo; liko kwenye kila seli ya mwili wake na litakuwa humo mpaka uzeeni. Uvimbe huanza utotoni, hukua, kisha baada ya kubalehe kwa wengi huanza kuyeyuka wenyewe, mfupa ukajaza nafasi. Jeni haijasogea hata hatua moja. Kilichobadilika ni mwili unaoizunguka. (Hata madoa meusi ya kawaida ya ngozi, yale ambayo watu huyaita alama ya urembo, mengi yana V600E ileile. Yamekaa mashavuni mwa watu miaka hamsini bila kumdhuru yeyote.)

Haya yote hayamaanishi kwamba jeni hazina neno kwenye kurudi. Zipo pale ambapo kurudi ni kuzaliwa upya kweli, na kwenye taya jambo hilo lina jina: keratosisti.

Keratosisti ni kifuko kilichojaa keratini, uji mweupe mzito, na ukuta wake wa ndani una seli sita hadi nane tu kwa unene. Ni kama karatasi iliyolowa. Mpasuaji akiuvuta huchanika, kipande kinabaki, na kipande hicho kinatosha. Zaidi ya hapo, pembeni mwa kifuko kikubwa huwa kuna vifuko vitoto ndani ya ukuta, na juu yake, kwenye fizi, mabaki mengine ya kiwanda cha meno. Hapo hata aliyetoa kifuko kizima anaweza kukutana na kingine baada ya miaka mitano, na hataweza kujua kama ni kilekile au ni mdogo wake.

Jeni inayohusika ni PTCH1, yule mkaliaji. Anaposhindwa kazi, SMO huinuka. Kwa wengi, hitilafu hutokea kwenye taya tu. Lakini wapo wanaoirithi, wenye ugonjwa ulioelezwa na madaktari Gorlin na Goltz mwaka 1960. Hao huzaliwa nakala moja ya PTCH1 ikiwa mbovu kwenye kila seli, na kwa kanuni aliyoieleza mtafiti Knudson mwaka 1971 kuhusu saratani ya jicho la watoto, kwamba nakala zote mbili za jeni lazima ziharibike, inabaki ajali moja tu kwenye nakala ya pili. Kwenye mabaki ya kiwanda cha meno ajali hiyo hutokea tena na tena. Kijana wa miaka kumi na minne hutolewa keratosisti kushoto, mwaka unaofuata inaota kulia. Kumwambia mzazi kwamba uvimbe umerudi ni kumpotosha. Mtoto ameota mwingine, na atauota tena hata kama mpasuaji alikuwa hodari kiasi gani. Nadhani hapa ndipo kipimo cha jeni kina uzito mkubwa kuliko mahali pengine popote kwenye taya, kwa kuwa mtoto huyo pia anahitaji kuchunguzwa ngozi yake maisha yote kwa saratani ya ngozi.

Hata wakubwa wa uainishaji walitikisika kwa keratosisti hii. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliiondoa kwenye orodha ya sisti, yaani vifuko tu, na kuiita uvimbe kamili, kwa hoja ya PTCH1 pamoja na tabia yake ya kurudi. Mwaka 2017 ikarudishwa kuwa sisti. Moja ya sababu nilizoziona za maana ni hii: ukitoboa dirisha tu kwenye kifuko na kukiacha wazi kwa miezi, hunywea, na ukuta wake mara nyingi hugeuka kufanana na ngozi ya kawaida ya kinywa. Uvimbe halisi kwa kawaida haufanyi hivyo kwa kutobolewa. Badiliko la jeni peke yake lilionekana halitoshi kuupa ugonjwa cheo.

Basi kipimo cha jeni kwenye ameloblastoma kina kazi gani, kama si kutabiri? Kina kazi kubwa, ila iko upande mwingine wa meza: kuchagua dawa, na kupitia dawa, kuokoa taya.

Kumbuka bei ya ile 1 kati ya 10. Kukata taya pamoja na ukingo kwa mtu wa miaka thelathini ni kumwondolea nusu ya taya la chini, kuchukua mfupa mwembamba wa mguu, kuukunja, kuufunga kwa bamba na skrubu, kuunganisha mishipa yake ya damu, na kumfundisha upya kutafuna. Mdomo wa chini unaweza kubaki na ganzi ya kudumu. Madaktari wa kambi ya kukwangua si wazembe. Wanaona bei hiyo na kusema afadhali turudi tena baada ya miaka kumi kuliko kumkata leo. Kwa miongo mingi ubishi ulikuwa kati ya bei hizi mbili tu.

Dawa zinazomfunga tarishi wa V600E ziliingia kwanza kwenye saratani ya ngozi, ya mwanzo ikiidhinishwa Marekani mwaka 2011. Mwaka 2015 iliripotiwa habari ya mgonjwa ambaye ameloblastoma yake, kinyume na kawaida, ilikuwa imesambaa mwilini. Alipewa dabrafenibu pamoja na trametinibu, ya kwanza ikimzuia BRAF na ya pili MEK, uvimbe ukanywea kwa haraka. Juni 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha mchanganyiko huo kwa uvimbe wa aina mbalimbali wenye V600E usioweza kukatwa au uliosambaa. Madaktari wa Israeli nao wakafanya jambo lenye ujasiri zaidi: wakawapa dawa wagonjwa wachache kabla ya upasuaji, uvimbe ukanywea, mfupa mpya ukajijenga mahali pake, na kilichobaki kikatolewa bila kukata taya.

Nafurahia habari hizi, lakini nashika breki. Dawa inamnyamazisha tarishi, haimfukuzi kazini. Kwenye baadhi ya vipande vilivyopimwa baada ya matibabu, seli za uvimbe bado zilikuwemo. Wagonjwa ni wachache na miaka ya kuwafuatilia ni michache kwa ugonjwa unaoweza kungoja muongo mzima. Dawa zenyewe huleta homa, vipele, na kuhitaji moyo na macho vichunguzwe. Na kuna mtego ambao kila daktari anayezifikiria lazima aujue: kwenye seli ambayo BRAF yake ni nzima, dawa ya kumfunga tarishi inaweza kuisukuma ile njia badala ya kuifunga. Ndiyo maana baadhi ya waliozitumia kwa saratani ya ngozi waliota uvimbe mwingine wa ngozi. Kumpa mtu dawa hii bila kupima ni hatari, hata kama eksirei yake inafanana kabisa na ya jirani yake aliyepona.

Kwa hiyo kipande kidogo cha uvimbe kinachochukuliwa kupimwa kabla ya upasuaji kina thamani kuliko tulivyozoea, na hapa nina lalamiko dogo la kiufundi. Kipande cha taya kina mfupa, na mfupa haukatiki kwa kisu cha maabara mpaka ulainishwe. Maabara nyingi huulaza kwenye asidi kali kwa kuwa ni haraka. Asidi hiyo huinyambua DNA, na siku daktari akiomba kipimo cha jeni jibu linakuja: sampuli haifai. Dawa ya EDTA hulainisha polepole zaidi, kwa siku au wiki, lakini DNA hubaki salama. Rahisi kuliko yote ni kutenga kipande laini kisicho na mfupa kabla chochote hakijatumbukizwa. Hakihitaji mashine mpya. Kinahitaji mtu mmoja akumbuke. Hata pasipo mashine ya kusoma DNA, kuna kingamwili iitwayo VE1 inayopaka rangi protini ya V600E kwenye slaidi ya kawaida.

Kwenye keratosisti kosa lilikuwa la namna nyingine. Tafiti za mwanzo zilisaga kifuko kizima, ukuta mwembamba wa ndani pamoja na nyama nene ya nje, na badiliko la PTCH1 likazama ndani ya DNA ya nyama isiyo na hatia. Walipotenganisha tabaka la ndani na kulisoma peke yake, badiliko lilionekana mara nyingi zaidi. Kabla ya kuamini asilimia yoyote kwenye mada hii, mimi huuliza kwanza walisaga nini.

Kipande cha kwanza hakitupwi. Kiko kwenye nta, kimeandikwa namba, kimewekwa kwenye droo ya maabara, na kinaweza kusomwa hata baada ya miaka mingi. Mgonjwa anapoambiwa umerudi, kile cha pili kiwekwe kando ya kile cha kwanza na vyote visomwe. Kwa V600E ulinganisho huo hautasema mengi, kwa kuwa ni badiliko moja wanaloshirikiana wengi, kama watu wawili kuvaa kanga ya duka moja. PTCH1 ni tofauti. Mabadiliko yake yametawanyika kwenye jeni nzima na kila mtu ana lake. Vipande viwili vikiwa na badiliko lilelile la PTCH1 ambalo halimo kwenye damu ya mgonjwa, kuna masalia yaliyoachwa mara ya kwanza, na mpasuaji anajua aongeze wapi. Vikiwa na ajali mbili tofauti juu ya urithi mmoja, huo ni uvimbe mwingine, na kuchimba zaidi palepale hakutamsaidia mgonjwa kitu.